Weka Sahani Yako Nuruni

(Somo lililotolewa asubuhi ya siku ya pili ya kongamano la maadhimisho. Limeandikwa kama lilivyosemwa, limepunguzwa kidogo.)



Kamati iliponipa somo la afya, mtumishi mmoja alinipigia simu akacheka, akasema, "Mwinjilisti, mwaka huu wamekunyima mahubiri." Nikamwambia hapana, mwaka huu wamenipa mahubiri magumu. Kuhubiri habari za dhambi za jirani ni rahisi, watu wanapiga makofi. Ukigusa sahani ya mtu, kanisa zima linanyamaza.

Jana usiku mlisikia majina ya watumishi waliotangulia yakisomwa, tukasimama dakika moja. Sitayarudia majina yale kwa sababu familia zao ziko hapa. Ila ninyi mliokaa nao mnajua waliondoka kwa nini. Wachache ni ajali. Wachache ni uzee, wameshiba siku. Waliobaki ni presha, ni sukari, ni kiharusi, ni figo. Na wengine walikuwa bado wana nguvu, wana watoto sekondari, wameacha kanisa limeezekwa nusu, nusu nyingine ni turubai. Tulilia, tukasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ni kweli. Lakini kuna vingine tulivitoa wenyewe, kijiko kwa kijiko, jamani.

Sasa nisikilizeni. Sikuja kuwafundisha udaktari. Nimekuja kusema jambo moja tu: mwili wa mtu mzima hauachi tabia zake kwa nadhiri ya siku moja. Unaziacha pale anapopata watu wawili watatu wanaojua ukweli wake wote, wanaotembea naye kila siku. Na sisi watu wa ushirika huu hatuna haja ya kwenda kujifunza hilo mbali. Tumelirithi.

Mnakumbuka uamsho wa Afrika Mashariki. Ninyi mlio vijana mnausikia kwa wazee. Mwaka 1929 watu wawili walikutana Kampala, kwenye kilima cha Namirembe. Mmoja alikuwa Joe Church, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Mwingine alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda. Walikaa siku mbili wakasoma Neno na kuomba. Kutokana na urafiki ule, na wengine walioungana nao, moto ukawaka Gahini, ukavuka kwenda Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya, Kongo. Hapo hakuna asiyejua. Ila kuna kitu hatusimuliwi sana: Joe Church alikuwa daktari, yuko pale kwa ajili ya hospitali. Na Nsibambi alikuwa amefanya kazi idara ya afya ya serikali ya Uganda, mkaguzi wa afya. Hao ndio watu wawili waliopiga magoti Namirembe. Mmoja mtu wa sindano, mwingine mtu wa usafi wa mji. Halafu leo mtu ananiambia habari za afya si za kiroho!

Na ule uamsho ulikuwa na desturi yake, mnaijua: kutembea nuruni. Ndugu walikutana vikundi vidogo, mtu anasema hali yake ilivyo bila kuipamba. Kama ana chuki anasema nina chuki. Kama amedanganya kwenye mizani ya duka anasema. Wenzake hawamcheki, wanaomba naye, na wiki ijayo wanamuuliza, "Ndugu, lile la mizani limefika wapi?" Ule ulikuwa ulinzi. Mtu alijua Alhamisi ataulizwa.

Sisi tuliokuja nyuma tumeendelea na nuru kwa mambo ya moyo, na hata hapo siku hizi taa imepungua mafuta. Kwa mambo ya mwili tuko gizani kabisa. Mchungaji ana sukari mwaka wa 4, mke wake ndiye pekee anayejua. Mama kiongozi wa kwaya anameza vidonge vya presha chooni ili asionekane hana imani. Mzee wa kanisa amepimwa 180, daktari amemwambia arudi kesho, yeye kesho yupo mkutanoni anaimba. Kwa nini? Anaogopa ushuhuda wake utaharibika.

Presha haibishi hodi

Wauguzi waliomo humu watanisaidia. Presha ikiwa juu, watu wengi hawasikii kitu. Hakuna maumivu, hakuna homa. Ndiyo maana mtu anasema, "Mimi mzima, nahubiri saa 3 bila kukaa." Wakati huohuo mishipa inachoka, moyo unapanuka, figo zinaumia. Ukipimwa mara kadhaa siku tofauti na ukaendelea kukuta 140 juu na 90 chini, au zaidi, hiyo ni presha, hata kama unajisikia kama kijana wa miaka 20. Siku inapobisha hodi, mara nyingi inabisha kwa kiharusi. Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki.

Na hapo ndipo tunapopoteza watu mara ya pili. Ndugu anaanguka ghafla, upande mmoja umekufa, sisi tunasema amerushiwa kitu. Tunamzunguka tunakemea hadi usiku. Wapendwa, kemeeni, siwazuii, lakini kemeeni ndani ya gari linaloelekea hospitali. Kiharusi ni cha haraka. Kila saa inayopita ubongo unaendelea kufa. Wale watu wanne wa Marko sura ya 2 walimbeba rafiki yao wakampeleka, paa likawazuia, wakatoboa paa. Hawakukaa naye nyumbani wakiomba juu ya mkeka wake mpaka jioni.

Nimewataja hao wanne makusudi. Mwangalieni yule aliyepooza: hatuambiwi kwamba alisema neno lolote. Yesu alitazama imani yao. Kumbe kuna siku mtu anafika kwa miguu ya rafiki zake.

"Umekonda, kuna nini?"

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo vitabu vya afya vilivyoandikwa ng'ambo havilijui. Kwetu unene ni sifa. Ukirudi kutoka safari umejaa, wanasema, "Mtumishi, Bwana amekutunza!" Kitambi cha mchungaji ni ushuhuda kwamba kanisa linatoa fungu la kumi. Mke aliyepungua, mume wake anaambiwa hamlishi. Mume aliyepungua, mke anaangaliwa vibaya na wakwe.

Basi mama mmoja anaambiwa na daktari apunguze uzito. Anajitahidi miezi 3, anapungua kilo 6, presha imeshuka, anamshukuru Mungu. Jumapili anakuja na gauni linalomlegea. Mlangoni tu: "Dada, vipi, unaumwa?" Wa pili: "Mbona umekonda hivi, kuna nini nyumbani?" Wa tatu hasemi, anamnong'oneza wa nne, na mnajua wananong'ona nini, tunaujua ugonjwa tunaoufikiria mtu akikonda. Mama anarudi nyumbani anapika ubwabwa sahani mbili, ili kanisa limwache. Hii nimeiona Tanzania, nimeiona Kenya, ndugu zangu wa Bukavu wananiambia kwao ni hivyohivyo.

Peke yake mtu huyu hawezi. Neno "umekonda" lina nguvu kuliko ushauri wa daktari, kwa sababu daktari anamwona mara moja kwa miezi 3 na sisi tunamwona kila Jumapili. Anahitaji rafiki wa kusimama naye pale mlangoni aseme kwa sauti, "Ndiyo amepungua, tulipanga, na bado tunaendelea!" Huyo rafiki amefanya kazi kubwa kuliko kipeperushi.

Mezani kwetu

Tusemeni ukweli kuhusu chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Sisi hatusawazishi, tunapiga mlima. Tufanye hata tunasawazisha: vikombe 3 kwa siku, kila kikombe vijiko 3, tayari ni gramu 36. Mchana kwenye semina unapewa soda. Chupa ya mililita 300 ina karibu gramu 30. Umefika 66, bado hujala andazi. Na kuna watu wakiomba siku 3 bila kula wanafungulia kwa soda mbili na chapati nne. Umemfunga adui siku 3, umemfungulia jioni moja.

Hapo kwenye kufunga nisimame kidogo. Kufunga ni kwa ajili ya kumtafuta Mungu. Usikigeuze dawa ya kitambi, maana ukimaliza unarudi kula kwa hasira. Na wewe unayemeza vidonge vya sukari au unayejichoma insulini, usiingie mfungo kabla ya kuongea na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia, na tutasema umeingia rohoni. Watumishi mnaotangaza mifungo, tangazeni na hilo. Hakuna dhambi.

Sisemi mtu aache chakula cha kwao. Nimekula kwenu nyote. Matoke ni mazuri. Ugali ni mzuri, wa mahindi na wa muhogo. Sombe, ambayo kwetu tunaiita kisamvu, ni zawadi ya Mungu. Mchicha, ambao ndugu wa Kongo wanauita lengalenga, unaota hata nyuma ya choo bila kupandwa. Wale samaki wadogo tunawaita dagaa, Kenya omena, Uganda mukene, Burundi ndagala, na kwa bei yake hakuna nyama inayowashinda. Tatizo letu ni mgawanyo. Tunajaza mlima wa wali, mboga tunaweka pembeni kama pambo. Mmoja wa wauguzi wetu anafundisha hivi: chukua sahani, nusu yake iwe mboga za majani, robo iwe ugali au wali au ndizi, robo iwe maharage au samaki au nyama. Halafu usipande ghorofa. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyojificha kwenye vile vidonge vya kuungia mchuzi, isipite kijiko kimoja cha chai.

Sukari ya chai usiiache leo yote, utashindwa keshokutwa. Toa nusu kijiko, kaa wiki mbili, toa nusu nyingine. Ulimi unafundishika. Baada ya miezi michache ukipewa chai ya zamani utaitema.

Ugumu mkubwa uko kwetu sisi wahubiri wa kuzunguka. Ukifika kwa mpendwa, amekuchinjia jogoo, hana mwingine. Utakataa? Ni kumvunja moyo, na mila zetu za kumkaribisha mgeni ni nzuri, tusizibomoe. Unakula hapa saa saba, saa tisa umeitwa nyumba ya pili, mama mchungaji amekesha anapika, jioni nyumba ya tatu. Dawa ya jambo hili haiwezi kutoka kwako, kwa sababu mgeni akitaja masharti ya chakula anaonekana ana majivuno. Inatoka kwa rafiki. Yeye anapiga simu mapema, kwa heshima: "Mama, shikamoo. Mtumishi anakuja kwenu Alhamisi. Tunamtunza sukari yake isipande. Naomba mumpikie mboga nyingi na ugali kidogo, na chai isiwekwe sukari, ataweka mwenyewe." Mama anafurahi, maana ameshirikishwa kumtunza mtumishi. Simu moja tu. Kila mhubiri anayesafiri chini ya ushirika huu apate mtu wa kumpigia simu hiyo. Naiomba kamati iliandike.

Paulo alitembea kwa miguu

Kuna ndugu wana mstari wao wa kukimbilia, 1 Timotheo 4:8, kwamba mazoezi ya mwili faida yake ni kidogo. Ndugu, Paulo anapima mazoezi na utauwa, na utauwa unashinda, amina. Lakini kidogo si sifuri. Na aliyeandika hayo alikuwa mtu wa namna gani? Soma Matendo 20:13. Wenzake walipanda merikebu kutoka Troa kwenda Aso, yeye akachagua kwenda nchi kavu kwa miguu. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 30. Mtu wa kutembea hivyo hana shida ya kufundishwa mazoezi! Sisi tunapanda pikipiki kutoka nyumbani hadi kanisani, kilomita moja, tukifika tunamwambia dereva atupeleke mpaka mlangoni.

Mkulima anayeshika jembe kutwa simwambii kitu, yeye ameshafanya. Nasema na sisi wa mjini, wa dukani, wa ofisini. Ushauri wa wataalamu ni angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au kazi inayolingana. Gawanya: dakika 30, siku 5. Haraka maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Serikali zetu zimejaribu kutusukuma. Kigali tangu 2016 wana asubuhi za kufunga barabara magari yasipite, watu wanakimbia na kutembea, na kuna mahali wanapima sukari na presha. Ni Jumapili asubuhi, najua, wachungaji wa Kigali msininune. Tanzania nako mwishoni mwa 2016 ilitangazwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Mambo mazuri, lakini Jumamosi moja kwa mwezi haimtoi mtu kwenye kiti. Kinachomtoa ni jirani aliyesimama getini saa kumi na mbili asubuhi akisema, "Dada, nipo hapa."

Akina mama mnaniuliza habari za mavazi. Hakuna aliyewaambia mvae suruali za kubana. Kitenge chako, sketi yako, raba zako, twende. Tembeeni watatu kwa usalama, barabara yenye watu. Na kama mnataka kuomba, ombeni mkitembea, anayeongoza abadilike kila kwenye kona.

Niwasimulie kuhusu dada watatu, wamenipa ruhusa nisitaje majina. Mmoja yuko Kigoma, wa pili Uvira, wa tatu Bujumbura. Walifahamiana kwa biashara ya vitenge na dagaa, wakaja kuwa wapendwa. Yule wa Uvira aligundulika na sukari. Akawaambia wenzake wawili, akawaambia wao tu. Wakakubaliana mambo matatu. La kwanza, kila jioni kila mmoja anapiga picha ya sahani yake kabla hajala, anaituma kwenye WhatsApp. La pili, asubuhi wanatoka kutembea saa moja ileile, wa Kigoma saa yake inasoma saa kumi na mbili, wa ng'ambo saa zao zinasoma saa kumi na moja, lakini giza linawaachia karibu pamoja, wanatumiana ujumbe wa sauti mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. La tatu, Jumamosi wanaulizana.

Mwezi wa kwanza ilikuwa kichekesho. Wa Bujumbura alikuwa anapiga picha mboga na kuficha mishkaki nyuma ya kikombe. Wa Kigoma mvua ikinyesha anatuma sauti ya mvua. Mwezi wa pili wakagombana. Mmoja alisema neno kali kuhusu andazi, mwenzake akatoka kwenye kundi. Wiki tatu kimya. Unajua nani aliwarudisha? Huyohuyo mgonjwa. Alituma sauti moja, akasema hivi: "Dada zangu, msiponiuliza ninakula hovyo, na nikila hovyo ninakufa. Gombaneni, lakini mniulize." Wakarudi. Tangu hapo waliweka sharti: kuulizana ndiyo, kuhukumiana hapana, na picha ya sahani mbaya inatumwa pia. Sasa ni mwaka wa 2. Kipimo chake kimeshuka, vidonge anaendelea kumeza, miguu haiwaki moto tena usiku. Wenzake wawili hawakuwa wagonjwa, lakini nao wamepungua na presha ya wa Kigoma imetulia.

Marekani walilichunguza jambo la namna hii kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilianza kupanda, matokeo yakatoka 2002. Waliosaidiwa kubadili chakula, kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito, hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge ilishuka kwa 31. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Mwalimu wao alikuwa anawafuatilia mmoja mmoja, hawakuachiwa karatasi waende nayo nyumbani. Na kule California Mchungaji Rick Warren wa kanisa la Saddleback alianzisha mpango kama huu 2011, akauita kwa jina la Danieli. Alikuwa amebatiza watu mamia, akiwazamisha mmoja mmoja, akahisi uzito wao mikononi, halafu akajitazama na yeye. Baadaye alisema waliofuata mpango wakiwa kwenye vikundi walipungua karibu mara mbili ya waliojaribu peke yao.

Danieli mwenyewe, sura ya kwanza, angalieni alivyofanya. Hakuwa peke yake, walikuwa wanne. Hakuahidi maisha yote, aliomba siku 10. Na mwisho wa siku 10 akakubali kupimwa mbele ya msimamizi.

Kupimwa ndiko ninakomalizia, kwa sababu hapa wengine mnajikwaa. Ninaamini uponyaji. Nimeona watu wakiponywa, na wengi wenu mmeona. Lakini wale wenye ukoma kumi waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, maana kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutangaza kwamba fulani amepona. Kama umeombewa sukari leo, nenda kapimwe, daktari aseme. Akisema punguza dawa, punguza. Akisema endelea, endelea, Mungu hajapungukiwa na kitu. Mtu asitupe vidonge vyake madhabahuni. Na sisi watumishi tusimwambie mtu avitupe. Tukimzika, si sisi tutakaolea watoto wake.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Kabla hamjatoka kwenye hema hili, kila mmoja atafute wawili. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Mmoja awe wa karibu nawe, mnaweza kutembea pamoja. Mwingine awe wa nchi nyingine, maana mtu wa mbali hana sababu ya kukunong'ona kijijini. Andikianeni namba. Muulizane maswali manne kila Jumamosi: umetembea siku ngapi, soda umekunywa ngapi, dawa umemeza zote, na kipimo chako cha mwisho ni kiasi gani? Atakayejibu uongo, msimfukuze, muulizeni tena Jumamosi inayofuata. Na hali ya mwenzako haitoki kwenye kundi hilo, hata kwa mchungaji, mpaka aseme mwenyewe. Wachungaji nanyi mna wenzenu wawili, msinitazame hivyo. Baba askofu ameniambia yeye ameshapata wa kwake jana usiku, mmoja anatoka Goma.

Wauguzi wa ushirika wako pale nyuma upande wa kushoto wa hema, wana mashine tatu za presha na vipimo vya sukari. Nendeni watatu watatu, mkae dakika tano bila kuongea kabla ya kupimwa, msivukishe miguu. Kipimo chako waonyeshe wenzako wawili hapohapo mezani. Akina mama wa jikoni wamesema chakula kitatoka saa saba na nusu, mboga zipo sufuria tatu, na soda mwaka huu hazikununuliwa, kuna maji na matikiti. Anayelalamika aje kwangu.

Tusimame tuombe.